Skuli Zikifungwa, Nyumba Zifunguke

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa wanafunzi katika mkutano wa kufunga muhula, Chake Chake, Pemba. Inatolewa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa walimu wenzangu, masheha mlioitika wito, mababu na mabibi, baba zangu na mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma ili wakubwa wenu wapate viti, nakushukuruni nyote kwa kuja. Najua mmeacha biashara, mmeacha mashamba, na wengine mmetoka mbali kwa gari za asubuhi.

Matokeo ya muhula mmeshakabidhiwa na walimu wa madarasa wameshayaeleza, kwa hiyo sitayarudia. Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo halimo katika ripoti hiyo mliyoishika mkononi, nalo ni likizo. Ijumaa mlango wa skuli utatiwa kufuli. Muhula mzima mtoto wako alikuwa mikononi mwetu tangu asubuhi, na jioni alikuwa mikononi mwa maalim wa chuo cha Qur'ani. Sasa anarudi kwako, mchana na usiku. Kwa hiyo nauliza, na nitaendelea kuuliza mpaka nitakapokaa kitako: skuli ikifungwa, nani anafungua?

Wenzetu walioko Uingereza wanaingia katika likizo yao kubwa mwishoni mwa Julai, nayo huchukua kiasi cha wiki sita, wakati jua kwao linachelewa kuzama na watoto wanacheza nje mpaka usiku. Nchi za Ghuba hufunga skuli miezi hiyo hiyo kwa sababu ya joto kali. Sisi huku wakati huo ni kipupwe: upepo ni wa kusi, asubuhi kuna kibaridi, na karafuu zinaanza kuwa tayari kuchumwa. Majira yetu na yao hayafanani, lakini mtoto ni mtoto popote alipo. Anasubiri kuona wakubwa wake watafanya nini na siku hizi alizopewa.

Sasa mara nyingi tunafanya nini nazo? Niwaeleze nilichokiona katika madaftari. Muhula mpya unapoanza huwapa wanafunzi wangu wa darasa la sita insha ya kuandika juu ya likizo yao. Nakumbuka muhula mmoja nilipokaa na rundo la madaftari hayo, na daftari baada ya daftari lilikuwa linasema jambo lile lile. Asubuhi nilikwenda tuisheni. Mchana nilirudi nikala. Jioni nilikwenda tuisheni. Usiku niliangalia katuni kwenye simu ya mama. Nusu ukurasa, na mwandishi kishamaliza, kwa sababu hana zaidi la kusema.

Katikati ya rundo lile palikuwa na daftari la msichana mmoja ambaye alama zake darasani zilikuwa za wastani. Alikuwa ameandika kurasa nne. Likizo yake alikuwa shamba kwa bibi yake, na alieleza namna wanavyochambua karafuu usiku, wakubwa na wadogo wamezunguka jamvi moja. Alieleza kwamba unakishika kishada kwa mkono mmoja, unakikandamiza katika kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinaanguka huku na makonyo yanabaki kule. Kwamba siku ya kwanza kiganja kinawasha na siku ya tatu hukisikii tena. Kwamba bibi huchambua gizani bila kutazama, na huku mikono yake inakwenda anawatajia wajukuu nani alizaliwa na nani, nani alihamia Tanga, nani alikwenda Unguja asirudi, na shamba lile lilifikaje mikononi mwao. Nilimwomba asome mbele ya darasa. Wale waliokwenda tuisheni asubuhi na jioni walikuwa wanamsikiliza midomo wazi, na wakamuuliza maswali mengi kuliko wanayoniuliza mimi katika somo lolote.

Wazazi wenzangu, sisemi tuisheni ni haramu. Mtoto aliyeachwa nyuma katika hesabu asaidiwe, na aliye katika darasa la mtihani apate saa yake ya kudurusu kila asubuhi. Ninachokikataa ni kumfungulia mtoto skuli ya pili siku ile ile ambayo ya kwanza imefungwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu chake cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki hiyo imeandikwa pamoja na haki ya kusoma, na haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Na ukiogopa kwamba atasahau kusoma, mpe kitabu amsomee babu yake baada ya Alasiri. Babu atapata burudani, mtoto hatasahau herufi, na wewe hutalipa hata shilingi.

Nani basi anafungua? Kwanza ni jamaa. Wazee wetu walisema mkataa kwao mtumwa, na mtoto hawezi kushikamana na kwao asikokujua. Wapo watoto hapa mjini Chake ambao shangazi yao yuko Kengeja na hawajapata kulala kwake hata usiku mmoja. Wapo watoto wa ndugu wawili, mmoja yuko Wete na mmoja Mkoani, ambao wakikutana njiani watapishana kama wageni. Muhula hauna nafasi ya kulitengeneza hilo. Likizo inayo. Mpeleke mtoto kwa bibi, kwa ami, kwa khaloo, akale wanachokula, aamke wanapoamka, atumwe dukani na jirani asiyemjua, na asikie namna baba yake alivyokuwa alipokuwa na umri kama wake.

Akifika huko apewe kazi, lakini iwe kazi ya mtoto. Aokote karafuu zilizoanguka chini, achambue, aanike, alinde jamvi na kuku, na wingu likitanda akimbie na wenzake kuzikusanya kabla hazijarowa. Kupanda mkarafuu ni kazi ya mtu mzima. Mti ule ni mrefu na tawi lake hukatika bila ya kutoa taarifa, na hakuna mtaa katika kisiwa hiki usiomjua mtu aliyeanguka. Na mtoto akifanya kazi, alipwe ujira wake mkononi kama wanavyolipwa wengine. Pesa ya mtoto isipotelee mfukoni mwa mkubwa.

Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu nataka kusema neno zito. Kumpeleka mtoto kwa jamaa si kumtupa. Kabla hajaondoka, jua atalala chumba gani na pamoja na nani. Mpigie simu, uzungumze naye mwenyewe, usitosheke na kuambiwa na mkubwa kwamba hajambo. Mtoto akikwambia kuwa hataki kurudi katika nyumba fulani, usimwite mkaidi, wala usimwambie kuwa anavunja udugu. Muulize taratibu, na umsadiki. Udhalilishaji wa watoto upo katika visiwa vyetu, na mara nyingi anayeufanya ni mtu ambaye mtoto anamjua na familia inamwamini. Tunayo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011. Tunao masheha, na baadhi yao wamekaa hapa mbele. Tunayo madawati ya jinsia na watoto polisi, na vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, vinavyowahudumia waliodhalilishwa. Jambo hili halimalizwi kwa suluhu ya ukumbini baina ya wazee wa pande mbili. Halimalizwi hivyo, halijapata kumalizwa hivyo, na mtoto ndiye anayelibeba.

Lipo na la watoto wa kike. Muulizeni mtoto wa kiume likizo ilikuwaje, atakwambia amecheza mpira, amerusha tiara, amekwenda pwani. Muulizeni dada yake wa mama mmoja, wa nyumba moja, atakwambia amefagia, amechota maji, amepika na amelea mdogo wake. Je, likizo ilifunguliwa kwa nani katika nyumba hiyo? Kazi za nyumbani ni elimu, na ndiyo maana nataka mtoto wa kiume naye aipate. Aoshe vyombo, afue kanzu yake mwenyewe, akae na mdogo wake mchana huo ambao dada anakwenda kucheza nage na wenzake. Baba zangu, katika hili mama akisema peke yake hasikilizwi. Mkisema nyinyi, litafanyika siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye bahari, na hapa nitakaa kidogo.

Tunaishi katika kisiwa. Ukitoka popote hapa Pemba, baada ya mwendo mfupi utaikuta bahari. Lakini wako watoto wetu wengi, na wa kike hasa, ambao hawawezi kuogelea, na wako ambao hawajui maji yanatoka saa ngapi na yanarudi saa ngapi. Kijana mmoja wa hapa mjini alipelekwa likizo Mtambwe kwa babu yake, ambaye ni mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki. Siku za mwanzo alilalamika kwamba hakuna televisheni. Babu hakumgombeza. Alimchukua pwani alfajiri, akampa kijiti, akamwambia akichomeke pale maji yalipofika. Kesho yake wakarudi saa ile ile, na maji yalikuwa hayajafika kwenye kijiti. Kijana akauliza kwa nini. Babu akamwambia asubiri. Wakakaa wanatengeneza dema lililotoboka, na karibu saa nzima ilipopita maji yakakigusa kijiti. Siku ya tatu yakachelewa tena kiasi kile kile.

Aliporudi skuli, mwalimu wa jiografia alipofika kwenye somo la kupwa na kujaa, kijana yule ndiye aliyesimama mbele ya ubao. Alieleza kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwamba kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho. Kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na yakatoka mbali sana, hata tofauti ya juu na chini hufika karibu mita nne katika pwani zetu. Na kwamba mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yasiyojaa sana wala kutoka mbali, na siku hizo wanaotafuta pweza hawahangaiki kwenda mwambani. Alieleza pia kwa nini mtu aliyekwenda mbali siku za bamvua hana ruhusa ya kupoteza muda, kwa kuwa maji yakianza kurudi huingia kwanza mikondoni, nyuma yake, na akageuka kuitazama njia akakuta haipo. Hayo ni mambo ya mtihani, ndugu zangu, na ni mambo ya uhai. Babu yule hakusomea ualimu, na somo lake halikusahauliwa.

Kwa hiyo nasema: likizo hii watoto wafundishwe kuogelea. Mtoto wa kiume afundishwe, na mtoto wa kike afundishwe. Kuna mama ataniuliza, na stara je? Stara ina njia zake: iko pwani ya faragha, iko saa ya alfajiri, wako kina mama na dada wakubwa wanaojua kuogelea na wanaoweza kukaa na watoto wa kike, na liko vazi la kuogelea linalositiri mwili mzima. Bahari haimsamehe mtoto wa kike kwa kuwa hakufundishwa. Kufa maji ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto duniani, hata Umoja wa Mataifa mwaka 2021 ukaitenga Julai 25 kuwa siku ya kukumbushana kinga yake, na siku hiyo inaangukia katika miezi hii ya kusi, wakati bahari yetu imechafuka.

Na wanaosafiri kwenda Unguja kuwaona jamaa, tafadhali. Sisi Wapemba hatuhitaji kusimuliwa usiku wa kuamkia Septemba 10, mwaka 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, imejaa kupita kiasi, na ndani yake wamo watu waliokuwa wanarudi nyumbani baada ya Idd. Katika ukumbi huu wamo waliopoteza watu, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mkiona chombo kimejaa, msipande. Ngojeni cha kesho. Shangazi wa Unguja atafahamu. Na mkishapanda, mtoto aonyeshwe jaketi la uokozi liko wapi kabla chombo hakijang'oa nanga.

Wengine mtaniambia: mwalimu, sisi hatuna nauli ya Unguja wala hatuna jamaa wa shamba. Sawa. Nitakutajieni baba mmoja, seremala, ambaye hana gari wala baiskeli. Siku moja ya likizo aliwachukua watoto wake kwa gari ya abiria, wakashuka, wakatembea kwa miguu mpaka Kidike kuwatazama popo. Popo wale wakubwa, wanaofungua mbawa zao zikapita mita moja na nusu, hawapo mahali pengine popote duniani isipokuwa katika kisiwa hiki cha Pemba. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaona, na mtoto aliyezaliwa Chake anamaliza skuli bila ya kuwaona hata mara moja! Watoto wa seremala yule walikaa chini ya miti mchana wote. Waliwaona wakining'inia kwa mamia, wakijipepea kwa mbawa kwa sababu ya jua, wakigombania nafasi kwa kelele. Mdogo wao aliuliza kwa nini hawaanguki, mkubwa akauliza kwa nini zamani waliliwa. Mwenyeji wa pale akawaeleza kwamba katika miaka ya 1980 popo hao waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, na kwamba waliorudisha idadi yao ni wanavijiji wenyewe waliokubaliana kuwalinda, kwa kuwa ndio wanaosambaza mbegu za miti ya msituni. Watoto wakaambiwa haya ni yenu. Hilo ndilo ninalotaka kila mtoto wetu aambiwe, akiwa amesimama mahali penyewe: msitu wa Ngezi, magofu ya Pujini na ya Ras Mkumbuu, ufukwe wa Vumawimbi, na kwa atakayejaaliwa chombo salama na siku tulivu, Kisiwa cha Misali.

Nimalizie na wageni. Julai na Agosti nyumba nyingi hapa zitapokea ndugu kutoka Uingereza, Oman na Kanada, na watoto wao. Mara nyingi tunakosea kwa mapenzi. Tunawaweka watoto hao sebuleni, tunawawashia feni, tunawanunulia soda, na watoto wetu tunawaambia wasiwasumbue. Wiki zinapita, mgeni anaondoka hajamjua binamu yake. Katika nyumba moja jirani yangu, bibi alikataa mpango huo. Mjukuu wake wa kike alikuja kutoka Uingereza, Kiswahili chake kidogo sana. Bibi akamvisha kanga, akamkalisha kwenye mbuzi, akampa kipande cha nazi. Nazi zilimtoka mikononi, nyingine zikaenda mchangani. Binamu yake wa miaka tisa akakaa nyuma yake, akamshika mikono yote miwili na kumwonyesha namna ya kuuzungusha mkono juu ya meno ya mbuzi, ili nazi ikunike kwa ndani bila ya kufika kwenye kifuu. Mchana ule watu walikula mchuzi wa tui la nazi yake, na bibi alimtangazia kila aliyeingia nani aliyeikuna. Mpaka leo wasichana wale wawili wanaandikiana, na yule wa Uingereza anaandika Kiswahili.

Juu ya simu nitasema kidogo, maana mnayajua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Hata hivyo, mtoto huichukua simu pale anapokuwa hana mtu. Akiwa na babu na dema, au na bibi na jamvi la karafuu, hutamsikia akiiulizia. Basi mkubwa naye aiweke chini ya mto wakati wa chakula cha usiku.

Kamati ya wazazi imeniomba nitangaze mambo mawili. Kina mama na dada wanaojua kuogelea, na walio tayari kukaa na watoto wa kike pwani asubuhi za maji mafu, waandikishe majina kwa mwalimu mkuu msaidizi kabla hawajatoka hapa leo. Na baba yeyote anayekwenda shamba, Ngezi au Kidike, na ana nafasi ya mtoto wa jirani ambaye baba yake hayupo au hana uwezo, aje kwangu baada ya mkutano, kwa sababu majina ya watoto hao ninayo. Maswali nitayapokea sasa, na naomba tuanze na wazee.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.